Vifungo Visivyo na Matundu

Nyumbani kwetu kulikuwa na cherehani mbili, na kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyejua moja ingelia vipi peke yake. Zilikaa chumba cha mbele zikitazamana, kama watu wawili waliogombana wakakosa pa kwenda. Ya mama yangu ililia nyepesi na kwa vipandevipande, maana mama hawezi kushona huku anaongea, na kuongea hawezi kuacha. Ya Mama Mkubwa ilikuwa nzito na ya mfululizo, kama mvua juu ya bati isiyo na haraka ya kwisha.

Sasa inalia moja. Ikisimama, unaisikia nyumba nzima: saa ya ukutani, bomba la uani linalodondoka, nyundo ya fundi viatu wa chumba cha jirani. Na mama, mguu juu ya kanyagio, anangoja ile nyingine ijibu. Haijibu. Anakanyaga tena.

Mama Mkubwa ni dada yake mama, amemtangulia kwa miaka mitano. Mtaani hawamwiti hivyo, wala hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Bi Lastiki. Jina lilitoka kwenye kazi: sketi za shule, kaptura za michezo, chochote cha kukaa kiunoni bila mkanda. Akiletewa bunda la lastiki hakulitazama. Alikata kipande, akakivuta mara tatu karibu na sikio, akakiachia, akasikiliza.

"Nzuri inarudi kimya," aliniambia nilipokuwa na miaka sita. "Iliyochoka inasema. Haya, sikiliza hii inavyolalamika."

Sikusikia chochote. Nikasema nasikia.

Kisha alikizungusha kiunoni mwa mteja, akapunguza vidole vitatu, akakata. "Lastiki lazima iwe na hamu ya kurudi. Ukiikata sawasawa na kiuno inakaa tu, kama mgeni asiyejua aondoke saa ngapi." Alijisifu kwamba hakuna sketi yake iliyowahi kumwangukia mtu, na hilo lilikuwa kweli. Wenye midomo yao waliongeza kwamba jina lilimfaa kwa sababu ya pili. Ukimkosea leo kwa neno, alilivuta lile neno mwaka mzima, na alipoliachia lilikurudia palepale usoni, bila kulegea hata kidogo.

Mama yangu walimwita Pamba. Uso wake ulikataa kuzeeka, sauti yake ilikuwa ya kubembeleza hata alipoomba mkasi, na wateja, hata wale waliokuja kwa ajili ya mikono ya dada yake, waliketi upande wake. Mteja akishaondoka, Mama Mkubwa alikuwa akisema bila kuinua macho, "Kashonewa huku, kacheka huko."

Hata baba yangu aliingia chumba kile kama mteja. Alitaka suruali. Aliyempima kiuno ni Mama Mkubwa, amepiga magoti, sentimita mkononi, pini mdomoni. Aliyekuwa pembeni akikata kitambaa na kucheka ni mama. Suruali ilikwisha siku ya tatu, mteja hakuisha. Mwaka uliofuata wakaoana, na aliyeshona gauni la bibi harusi unamjua.

"Nilimpima mimi, akamvaa yeye," Mama Mkubwa aliwaambia watu miaka yote iliyofuata. Watu walicheka, mama alicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Kisha cherehani yake ilikwenda kasi kidogo kuliko kawaida. Baba alipofariki, mimi nikiwa darasa la sita, Mama Mkubwa alilia kwa sauti moja tu, akaiziba kwa kiganja, na kuanzia hapo akakaa kama mtu wa kuja kutoa pole. Yeye hakuolewa. Ukimuuliza sababu alijibu kwamba vipimo vyake havikupatikana sokoni.

Wivu wa namna hii watu hudhani ni moto. Mimi niliyekulia katikati yake najua kwamba ni mvuto. Hauunguzi kitu. Unavuta tu, leo kidogo na kesho kidogo, na anayevutwa anaendelea na kazi, anapika, anaswali, anatania, mpaka hakumbuki tena jinsi mwili ulivyokuwa kabla ya kuvutwa.

Presha iliwakuta siku moja, wote wawili. Mama alikuwa na kizunguzungu, dada yake akamsindikiza kliniki. Nesi alipomaliza kumpima mama akasema, kwa kuwa mama mkubwa pia yupo, hebu alete mkono. Mama: mia hamsini na mbili kwa tisini na nne. Mama Mkubwa: mia sabini kwa tisini na mbili.

"Mia sabini yote hiyo ya nini?" akauliza Mama Mkubwa. "Umenibana mkono mpaka nimekasirika, ndiyo maana."

"Mama, umri umekwenda na presha hii si ya leo. Mishipa imeanza kukakamaa."

Mama Mkubwa akageuka kulitazama benchi zima, kisha akamrudia nesi. "Mshipa? Mwanangu, mshipa si ugonjwa wa wanaume? Mimi huo mshipa nauanzia wapi?"

Benchi likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliinamisha uso kama aliyetajwa.

"Siyo mshipa huo, mama. Mishipa ya damu."

"Basi sema damu! Unanivua nguo mbele za watu."

Kila mmoja akapewa kadi na dawa: mama kidonge kimoja kwa siku, Mama Mkubwa viwili. Na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wakawa wanaondoka pamoja, kitenge kwa kitenge, kama wanafunzi wanaokwenda kuchukua matokeo. Sidhani kama nesi aliwahi kujua alichokianzisha. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, wale ndugu wawili walipewa namba. Nani mzuri zaidi, nani anapendwa zaidi, nani fundi zaidi, hayo watu walibishana wakachoka. Lakini sasa kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi mdogo alikuwa mbele.

Mwezi wa tano nesi akamwambia mama, "Hongera. Mia ishirini na nane kwa themanini. Imeshuka vizuri. Daktari amesema tupunguze, uwe unakunywa nusu kidonge, halafu tutaona."

Mama aliirudia ile "nusu" njia nzima. Alimwambia muuza maji, alimwambia fundi viatu. Kufika nyumbani akachukua mkasi mdogo wa kukatia uzi, akaweka kidonge juu ya meza ya cherehani, mbele ya dada yake, akakikata katikati. Tak. Nusu moja iliruka sakafuni, wakaitafuta wote wawili, na aliyeiona ni Mama Mkubwa.

"Hii hapa nusu yako," akasema, akampa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ilianza na ule mkato. Mama alikikata kidonge pale pale kwenye meza, na Mama Mkubwa aliupeleka mkono mdomoni na viwili vyake, akashushia maji kwa mkupuo, akairudia kazi yake. Mama alimwona kwa macho yake. Alikuja kuapa baadaye kwamba alimwona.

Miezi ikapita. Namba za Mama Mkubwa zikaanza kufanya jambo la ajabu. Ya juu ilipanda: mia sabini na mbili, mia sabini na tano, mia sabini na nane. Ya chini ikashuka: themanini na nne, sabini na sita, sabini. Nesi alikunja uso, akapima mkono wa pili, akaandika, akamtuma kwa daktari, daktari akaongeza kidonge cha tatu. Lakini Mama Mkubwa alikuwa ameshachagua namba yake. Watu wa kawaida tukisikia presha ni ya kupanda au ya kushuka, hatujui kwamba namba mbili zinaweza kuachana njia ndani ya mtu mmoja.

"Sabini!" alimwambia mama wakivuka barabara. "Yako ya chini themanini. Nimekupita kumi."

"Lakini ya juu, dada..."

"Ya juu ni hasira za nesi. Mtu hutazamwa pale anaposimama, chini."

Na kwa fundi viatu, ambaye husikiliza huku misumari imemjaa mdomoni na kwa hiyo habishi, alisema zaidi. Sisi tulikuja kuyajua maneno hayo tukiwa tumeshachelewa. "Yangu imegeuka, fundi. Ilikuwa ya kupanda, sasa ni ya kushuka. Mtu mwenye ya kushuka akinywa dawa ya kushusha si ataanguka njiani? Wanataka kuniua wale."

Jumamosi moja nesi alikuja mwenyewe pale chumba cha mbele. Nilikuwepo, nimepita kuwasalimia. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani na kwapani ana sketi yake nyeupe ya kazi.

"Mama, naomba msaada. Hii jana nusura initie aibu wodini. Lastiki imekufa."

Uso wa Mama Mkubwa ukafunguka. Kila Jumanne alikuwa mgonjwa mbele ya msichana huyu, na leo msichana alikuwa mteja. Akafumua pindo la kiuno, akachomoa ile lastiki ya zamani, akaivuta mbele ya pua ya nesi. Ilitanuka kidogo ikakwama, na alipoiachia ilibaki vilevile, imejikunjakunja kama mdudu.

"Unaona? Lastiki ni nyuzi za mpira zimefichwa ndani ya nyuzi za pamba. Za mpira ndizo zinazorudi. Umeifua, umeianika juani, na mbaya kuliko yote, ni ndogo kuliko kiuno chako, umeiweka imevutwa mchana kutwa haipumziki. Mpira unakatika mmojammoja, husikii. Zinabaki nyuzi za pamba, na hizo hazina kurudi. Ukiivuta zaidi, inararuka."

Nesi alisogea karibu. Alikichukua kile kipande, akakigeuzageuza.

"Mama, mimi miezi yote hii natafuta namna ya kukueleza, na kumbe unajua kuliko mimi."

"Kunieleza nini?"

"Mishipa yako. Ile mikubwa inayotoka kwenye moyo. Ukuta wake umeshonwa hivi hivi. Una nyuzi za kutanuka na kurudi, na una nyuzi ngumu za kuzuia usipasuke. Presha ikikaa juu ni kama sketi inayobana, ukuta unavutwa usiku na mchana. Miaka ikienda, zile za kurudi zinakatika, na mwili unajaza ngumu mahali pake. Tena si nyuzi tu. Ndani ya ukuta kuna seli, chembe hai ndogo mno, kazi yake kukaza na kulegeza. Nazo zikisukumwa hivyo muda mrefu, na umri ukaingia, zenyewe zinakakamaa. Zinasahau kulegea."

"Kama fundi aliyekaa kiti kimoja miaka arobaini."

"Hivyo hivyo."

"Hapo umenisema." Lakini alikuwa bado anatabasamu. Mpaka hapo, naapa, alikuwa anasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Niliona kichwa chake kinainama kidogo upande, namna kinavyoinama anapojaribu lastiki sikioni.

"Sasa ile sabini yako," nesi akaendelea. "Mshipa mzima moyo ukisukuma unatanuka, unaipokea damu. Moyo ukipumzika unajirudi, na kule kujirudi ndiko kunakoendelea kuisukuma. Mshipa uliokakamaa hautanuki, kwa hiyo ya juu inaruka. Na hauna cha kurudisha, kwa hiyo ya chini inaanguka. Zikiachana vile si ushindi, mama. Ni lastiki iliyoacha kurudi. Hatuwezi kuirudisha upya, ila dawa inaipunguzia kuvutwa."

Cherehani ya mama ilikuwa imesimama. Na mama yangu, ambaye hajawahi kuacha kimya kikae mahali bila kukitilia neno, akajipiga kiunoni kwa utani.

"Mbona mimi yangu inarudi tu? Nusu kidonge!"

Akacheka kile kicheko chake. Kilikuwa kilekile, nadhani, kilichosikika siku baba alipokuja kupimwa suruali.

Mama Mkubwa akaiweka chini sketi ya nesi.

"Kwa hiyo mimi ni lastiki mfu."

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema. Na umesema mbele yake."

"Dada, natania..."

"Wewe unatania tangu uzaliwe. Shona." Akamgeukia nesi. "Dawa nakunywa. Kama huamini muulize huyo, si ndiye askari wangu?"

"Anakunywa," mama akasema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi namwona."

Mama Mkubwa akakata lastiki mpya, akaifunga pini ya usalama mwishoni, akaipitisha pindoni, akashona. Kazi ya robo saa. Akamkabidhi nesi sketi yake imekunjwa.

"Hii haitakuangukia."

Nimeirudia Jumamosi ile kichwani mara nyingi. Elimu ilimfikia. Ilimfikia kwa lugha yake mwenyewe, na kipande cha ushahidi kilikuwa mkononi mwake. Ilikosea kitu kimoja tu: ilimkuta mbele ya mtu mmoja ambaye mbele yake asingeweza kukubali kitu.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, walikuwa na oda ya sketi arobaini na mbili, shule zinakaribia kufunguliwa. Mama alikuwa anaeleza habari za mpangaji mpya wa uani. Mama Mkubwa alikuwa anapitisha lastiki. Kazi hiyo haihitaji macho. Pini inasukumwa ndani ya pindo kwa kidole gumba na cha shahada, kitambaa kinavutwa nyuma, pini inasukumwa tena, kama mnyoo unaotembea. Mama anasema aliiona ile pini inafika usawa wa mshono wa nyuma, ikasimama.

"Dada, imekwama?"

Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya sketi, kiganja juu. Mama Mkubwa alikuwa anautazama kama kitu ambacho mteja amekisahau. Alifungua mdomo kujibu, na upande mmoja wa mdomo haukufunguka.

Fundi viatu ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari, misumari bado mdomoni.

Hospitali walisema kiharusi. Mshipa mmoja wa kichwani, upande wa kushoto, ulikuwa umeziba. Daktari alimuuliza mama mgonjwa anakunywa dawa gani, na mama akajibu kwa uhakika wote, vitatu kwa siku, sijawahi kumwona akiruka hata siku moja. Daktari akatazama presha, akamtazama mama, akasema alete dawa zote zilizobaki nyumbani.

Pakiti zilikuwa tupu, kama zilivyopaswa kuwa. Mama akarudi chumba cha mbele, akaketi kwenye kiti cha dada yake, ambacho alikuwa hajawahi kukikalia. Kwa kutojua afanye nini, akavuta droo ya cherehani, akatoa kopo la vifungo, akalimimina mezani apate la kufanya. Vifungo vyeupe vya mashati ya shule, mamia. Akaanza kuvitenga kwa kidole, vyenye matundu mawili huku, vyenye matundu manne huku. Kidole kikakuta kimoja hakina tundu. Kikakuta kingine.

Nilipoingia nilimkuta ametengeneza rundo la tatu.

"Vingapi?" nikauliza.

"Sihesabu," akasema. "Sitaki kujua."

Vidole vilivyoficha pini kwa miaka hamsini havishindwi na kidonge. Mama Mkubwa alipeleka mkono mdomoni umefumba vidonge, akameza maji matupu, kisha mkono ukashuka kwenye droo kana kwamba unatafuta kifungo.

Pale kwenye kile kiti mama aliniambia jambo ambalo sikulitegemea.

"Ule mkasi," akasema. "Kidonge changu ningeweza kukikata chumbani kwangu. Ningeweza kukivunja kwa meno. Nilikuwa nakikatia hapa makusudi, asikie."

"Mama..."

"Niache niseme. Nyinyi wote mnadhani mwenye wivu ni yeye. Mikono ile Mungu alimpa nani? Watu wanacheka na mimi, halafu nguo wanampa yeye. Na wewe." Akanitazama. "Nilipokuzaa nikaugua miezi minne. Ulikuwa unalala kwenye kikapu cha vitambaa, chini ya cherehani yake. Siku uliposema 'mama' mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni pale. Hukunitazama mimi."

Nje fundi viatu aligonga, akanyamaza, akagonga.

"Maisha yangu yote nilimshinda kwa kitu kimoja tu kilichoandikwa," mama akasema. "Nikakila kama peremende."

Baada ya siku kumi Mama Mkubwa alirudisha maneno machache, yanayotoka yakiburuta mguu. Mama aliketi kitandani pale wodini, akamwekea kopo la vifungo mapajani. Hakumlaumu. Alimuuliza tu, "Kwa nini, dada?"

Mama Mkubwa alilitazama lile kopo. Jicho la kushoto lilitoa chozi, la kulia likafuata kwa kuchelewa.

"Wewe nusu," akasema. Akapumzika. "Mimi... viwili. Vitatu." Akapumzika tena, akajigusa kifuani kwa mkono wa kushoto. "Mimi mkubwa."

Hayo tu. Dada mkubwa hawezi kuhitaji vingi kuliko mdogo wake. Mama akauchukua ule mkono wa kulia usiosikia, akaulaza shavuni pake, akalia ndani yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu amekaa kimya na haharakishi kukijaza.

Nesi alikuja kumtazama akiwa amevaa sketi ileile. Mama Mkubwa akanyoosha mkono wa kushoto, akaivuta kiunoni, akaiachia. Ilirudi kimya. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na nesi akageuka dirishani kupangusa macho.

Sketi ya arobaini na mbili haikumaliziwa. Imetundikwa kwenye msumari, pini yake imesimama ndani ya pindo usawa wa mshono wa nyuma, unaweza kuipapasa. Mama anakataa isiguswe. Lastiki sasa anakata yeye, na mara mbili amekosea akapunguza vidole viwili badala ya vitatu, sketi zikarudishwa. Kwa hiyo bunda jipya likija, analipeleka kwanza kwa dada yake. Mama Mkubwa anashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, mama anavuta ncha ya pili, karibu na sikio.

"Inasema?"

"Inasema. Rudisha."

Asubuhi kuna vita vingine. Mama Mkubwa hafungui mdomo mpaka mama ameze dawa yake kwanza. "Wewe," anasema, anamnyooshea kidole. Mama anameza, anatoa ulimi kuonyesha, kama mtoto. Kisha mama naye anasema, "Haya, toa ulimi," na Mama Mkubwa anautoa, umepinda kidogo upande, na wote wawili wanachunguzana vinywa. Mama hanywi nusu tena. Tangu kiharusi cha dada yake presha yake imepanda, daktari amemrudishia kidonge kizima, na siku aliporudi na habari hiyo Mama Mkubwa alicheka mpaka akapaliwa.

"Kizima!" alisema. Neno hilo lilimtoka safi kabisa, bila kuburuta.

Cherehani yake tulihamishia uani, chini ya kibanda, tumeifunika turubai. Pale ilipokuwa pana kitanda chake, kimeelekezwa kwenye cherehani ya mama. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi nawapeleka kliniki, yeye kwenye kiti cha magurudumu, mama akitembea pembeni na kadi mbili mkononi. Jumanne iliyopita, presha ya Mama Mkubwa ilikuwa mia arobaini na sita kwa sabini na mbili. Zile namba zake mbili zimeanza kukaribiana tena.